Namna ya Kufumbua Mraba wa Mafumbo wa Mwisho wa Juma

Katika magazeti mengi ya mwisho wa juma huwa pana mraba wenye vyumba vyeupe na vyeusi, mfano wa ubao wa dama, na kando yake vidokezo vyenye nambari. Kazi ya msomaji ni kutafuta neno la kila kidokezo na kulitia katika vyumba vyeupe, herufi moja chumba kimoja, maneno mengine kwa mistari ya kulala na mengine kwa mistari ya kusimama. Pale Kuruwitu, katika pwani iliyo kati ya Mtwapa na mji wa Kilifi, gazeti moja la Jumamosi laweza kupita mikono ya watu kumi: mwenye duka, mwalimu, kinyozi, na wavuvi wangojao maji. Habari za mpira husomwa zikaisha, na bei za vitu husomwa zikaisha. Mraba hubaki vile vile, mweupe, mpaka Jumatatu gazeti lifungiwe vitumbua. Akiulizwa mtu kwa nini hakuujaza, husema kwamba mchezo ule ni wa watu wenye elimu kubwa.

Neno hilo si kweli. Mtu aliyelelewa katika Kiswahili cha pwani amekwisha kufundishwa sehemu kubwa ya mchezo huu tangu utoto wake, ila hakuambiwa kwamba ndio huo. Kinachomzuia ni jambo dogo. Hukisoma kidokezo kama asomavyo habari, akitafuta kisa chake, na kisa hicho ndicho mtego.

MRABA WA MAANA NA MRABA WA MAFUMBO

Miraba ni ya namna mbili. Katika mraba wa maana, kidokezo hutaja maana ya neno basi: "Chombo cha kuvulia samaki", na jibu huweza kuwa wavu, dema, ndoana au mshipi, kwa kadiri ya hesabu ya vyumba. Hiyo ni kazi ya kumbukumbu.

Katika mraba wa mafumbo, kila kidokezo kina sehemu mbili zilizoshonwa pamoja ili zionekane kuwa nguo moja. Sehemu moja ni maana ya neno litakiwalo, kama iandikwavyo katika kamusi. Sehemu ya pili ni hila, nayo hueleza kwa njia ya mzunguko jinsi ya kuzipata herufi za neno lile lile. Maana hukaa mwanzoni au mwishoni mwa kidokezo, haikai katikati. Nambari iliyo katika mabano ni hesabu ya herufi.

Basi mfumbuzi amepewa njia mbili za kufika nyumba moja. Akifika kwa njia zote mbili, hana haja ya kumwuliza mtu kama amepata au amekosa. Hapo ndipo mchezo huu unapoachana na kitendawili. Mtoto aambiwapo, "Nyumba yangu haina mlango," hujibu kwamba ni yai kwa sababu alisikia kwa bibi yake. Asiyesikia hutoa mji. Na kama mtegaji ni mkaidi akasema jibu si yai bali ni jiwe, hapana hakimu wa kuwaamua. Kidokezo cha mraba kina hakimu wake ndani yake.

Iko sheria moja kubwa kwa mtungaji: ana ruhusa ya kumpoteza msomaji njia, lakini hana ruhusa ya kusema uwongo. Kila neno aliloandika lina kazi, katika maana au katika hila. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mfumbuzi ni kuutafuta mshono, yaani mahali maana inapokwisha na hila inapoanza.

Mfano wa kwanza ni huu: Samaki, lakini si chako (6).

Msomaji mwenye haraka ataona kosa la sarufi, kwa kuwa samaki huwa "wako", hawi "chako". Asilicheke kosa hilo, maana ndipo ulipo mshono. "Samaki" ni maana. "Si chako" ni hila: kisicho chako ni changu. Jibu ni CHANGU, samaki ajulikanaye na kila avuaye katika miamba ya Kuruwitu. Herufi ni sita, nazo zimetimia.

Vidokezo vingine havina hila ila kuweka pamoja maana mbili za neno moja. Samaki wa kumulika (3) ni TAA, maana taa hukaa mezani na taa huogelea baharini. Hufunga ngalawa, tena huliwa (5) ni KAMBA. Kiswahili kina maneno mengi ya namna hii, na wanawake wa pwani wachaguao jina la kanga ili jirani aliye dirishani alisome kwa maana ya pili wanaijua kazi hii vizuri kuliko mtungaji yeyote wa gazeti.

ISHARA ZA HILA

Hila kubwa si nyingi. Kila moja ina maneno yake ya kuitambulisha, nayo huitwa ishara. Mtu akizijua ishara, nusu ya mraba imekwisha kufunguka.

Hila ipendwayo sana ni kuvuruga herufi. Mtungaji hutaja neno, kisha hutia ishara ya fujo: limechafuka, limevunjika, limelewa, limetapanywa, limecheza ngoma. Mfumbuzi huzitoa herufi za neno lile na kuzipanga upya. Habari iliyochafuka ina mawimbi (6). Mtu ataanza kufikiria fitina za mjini, na hapo amekwisha kunaswa. Herufi za "habari" zikipangwa upya hutoa BAHARI, nayo ndiyo yenye mawimbi. Vivyo hivyo, Samaki aliyevurugwa hukata nguo (6) ni MAKASI, kwa wale walitumiao neno hilo badala ya mkasi. Yafaa kuziandika herufi kwa duara pembeni mwa gazeti, wala si kwa mstari, kwa kuwa jicho likiona mstari hulisoma lile neno la kwanza na haliwezi kuliacha.

Neno moja laweza kuzaa maneno mengi. Herufi za "mali" hutoa LAMI, hutoa LIMA, hutoa na IMLA, ile wanayoandikishwa watoto shuleni. Kidokezo kikisema Mali iliyotapanywa ipo barabarani (4), maana iliyo mwishoni huchagua lami. Na ikiwa mfumbuzi bado ana shaka, huitazama herufi ya neno lipitalo katikati. Tuseme BAHARI imesimama na herufi yake ya nne imeangukia chumba cha pili cha neno hili. Herufi hiyo ni A. Lima ina I mahali hapo, imla ina M, na lami peke yake ina A. Mtu asiandike neno la kuvurugwa kwa wino kabla ya kupata shahidi wa namna hiyo.

Kazi ya kuvuruga na kuvurugua herufi si mchezo mtupu, na pwani hii inayo historia yake. Mwezi wa Januari 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, gazeti la Daily Telegraph la London liliwaita wasomaji wake kushindana kufumbua mraba wa mafumbo kwa dakika 12. Baadaye baadhi yao waliandikiwa barua za siri kuitwa Bletchley Park, mahali ambapo Waingereza walikuwa wakizifungua simu za siri za Wajerumani. Mwaka huo huo wafumbuzi wengine wa kazi ile, walioondoka Colombo kwa kuihofia Japani, waliletwa Mombasa wakafanya kazi katika shule ya Allidina Visram, wakisikiliza simu za manowari na meli za Wajapani. Simu moja ya meli za biashara iliwashinda kwa muda, kwa sababu waliidhani ni ya namna nyingine. Kosa la Wajapani wenyewe ndilo lililowaonyesha kwamba alama zilikuwa zimebadilishwa, kisha mpangilio wake ukavurugwa. Ilipofika Novemba 1942 walikuwa wakizisoma. Mji wa Mombasa uliwapitia mlangoni bila kujua wafanyalo.

Hila ya pili ni kuficha. Neno zima limo ndani ya kidokezo, limelala kati ya maneno mawili, wala halikuvurugwa. Ishara zake ni "ndani", "humo", "tumboni", "sehemu ya". Mfano: Twende mapema, ndani mna mtego wa mvuvi (4). Mtu ataona safari ya alfajiri. Lakini mwisho wa "twende" ukishikana na mwanzo wa "mapema" hutoa DEMA.

Wazee wa pwani hawatashangaa. Hadithi ya Fumo Liongo, shujaa wa nchi ya mto Tana na visiwa vya Lamu, husema kwamba alipofungwa gerezani alimpelekea mama yake maneno ya fumbo kwa kinywa cha kijakazi Saada. Walinzi waliyasikia wasiyaelewe. Mama akafahamu, akaoka mikate mizuri na mkate mmoja wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa akatia tupa. Walinzi wakala mizuri, wakamwachia mfungwa ule mbaya, naye akakata minyororo. Mfumbuzi wa neno lililofichwa na afanye kama Liongo, auvunje mkate ule usiopendeza. Sentensi ya kidokezo ikiwa na maneno mawili yasiyokaa vizuri pamoja, yaelekea mtungaji aliyalazimisha kukaa hivyo kwa sababu kuna tupa ndani.

Hila ya tatu ni ya kwetu hasa. Watoto wa pwani tangu zamani huzungumza kwa kinyume, silabi ya mwisho ikitangulizwa mbele, ili watu wazima wasifahamu. Kitabu huwa bukita, nyumba huwa mbanyu. Kwa Kiingereza hila hii haina nguvu, kwa sababu silabi zake hazigawanyiki kwa usawa, lakini kwa Kiswahili ni tamu mno. Siku ya kinyume upepo huvuma (4). Si-ku huwa ku-si: KUSI, upepo unaowazuia wenye ngalawa ndogo kutoka nje ya mwamba. Na Mali ya kinyume: shika jembe (4) ni LIMA. Hapa lile neno "mali" limerudi, lakini ishara imebadilika na jibu nalo limebadilika. Kuisoma ishara ni bora kuliko kubahatisha.

Kurudi nyuma ni jambo jingine, na wageni huchanganya haya mawili. Hapo herufi zote husomwa kutoka mwisho hadi mwanzo. Amani ikirudi nyuma, pinda mgongo (5) ni INAMA.

Ziko tena hila za kumeza na za kukata. Katika kumeza, neno moja huingia tumboni mwa jingine: Kima aliyemeza si: hapo huchotwa maji (6). Kima, na ndani yake "si", hutoa KISIMA. Katika kukata, neno huondolewa kichwa au mkia. Mvua iliyokatwa kichwa: tafuta samaki (3) ni VUA. Hizi hazihitaji maelezo mengi.

Hila moja iliyo kubwa kwa Kiingereza haina faida kwetu, nayo ni ile ya maneno yasikikayo sawa na kuandikwa mbalimbali. Kiswahili huandikwa kama kitamkwavyo, basi sikio haliwezi kudanganya jicho. Mtungaji wa Kiswahili aitumiaye hila hiyo atakuwa anamcheka mtu asiyetofautisha R na L, na si adabu.

MSAADA UTOKAO KATIKA LUGHA YENYEWE

Wafumbuzi wa Kiingereza wana desturi ya kutia herufi S mwishoni mwa neno kidokezo kinapotaja wingi, hata kabla ya kulijua jibu. Mfumbuzi wa Kiswahili afanye hivyo mwanzoni. Kidokezo kikitaja vitu vingi, jibu huenda likaanza kwa MA, VI, MI au WA, na herufi hizo zaweza kuandikwa kidogo kwa kalamu ya risasi. Zikikataliwa na neno lipitalo, hufutwa.

Chumba cha mwisho cha jibu ni msaada mkubwa zaidi. Maneno ya Kiswahili huisha kwa A, E, I, O au U, ila majina machache ya kigeni. Mfumbuzi aliyejaza maneno mawili matatu tayari anajua mengi juu ya vyumba vingine vyote. Tena C haikai peke yake. Ikionekana C, chumba kifuatacho ni H. Kabla ya B huweza kuja M, na kabla ya D na G huweza kuja N. Herufi Q na X hazimo. Alama ya ng'ombe, ile ya juu, haipewi chumba.

Kwa hiyo mraba wa Kiswahili hufunguka upesi kuliko wa Kiingereza, mtu akianza vizuri. Asianze na nambari ya kwanza kwa sababu tu ni ya kwanza. Avisome vidokezo vyote mara moja, ajaze kile kimoja anachokiona, kisha afuate maneno yanayokikata, kama mtu aufuataye uzi wa wavu kutoka tundu moja hadi jingine.

JUU YA MRABA WA KIINGEREZA

Wako vijana watakao kujaribu mraba wa mafumbo katika magazeti ya Kiingereza, na ni jambo jema. Waelewe tu kwamba ugumu wake ni wa namna mbili. Mmoja ni ule wa hila uliokwisha elezwa, na huo ni sawa kwa watu wote. Mwingine ni wa desturi za Uingereza. Kidokezo kikitaja baharia, mara nyingi hutakiwa herufi AB, kwa kuwa hizo ni alama ya daraja moja la mabaharia wa nchi ile. Hamsini ni L na mia ni C, kwa hesabu ya Kirumi. Mengine hutoka katika mchezo wa kriketi na katika mitaa ya London. Asiyeyajua hayo si mjinga. Hakuzaliwa huko tu. Dawa yake ni daftari. Kila jibu likichapishwa katika gazeti lifuatalo, mtu alitazame, atafute kwa nini, na aliandike. Baada ya miezi michache ataona ya kuwa desturi zile hurudiwa rudiwa, na watungaji si wakarimu wa mambo mapya kama wanavyodhaniwa.

Mchezo wenyewe hauna umri mkubwa. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, ndiye aliyechapisha mraba wa kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na ulikuwa wa maana, si wa mafumbo. Aliyeufanya wa mafumbo matupu ni Edward Powys Mathers, aliyeanza kuutunga katika gazeti la Observer la London mwaka 1926 kwa jina la Torquemada, yule kadhi wa Hispania aliyetesa watu. Mathers alikuwa mshairi, naye ndiye aliyeitafsiri Alfu Lela U Lela kwa Kiingereza kutoka Kifaransa. Gazeti la Times lilifuata tarehe 1 Februari 1930. Wakati huo Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa amekwisha kufa miaka tisini hivi, akiwa ameacha mashairi aliyojibizana na watu wa Lamu kwa mafumbo makali ambayo wataalamu bado wanayafungua.

Kuna wasemao kwamba mraba ni mchezo wa kigeni usiofaa kuhamishiwa katika Kiswahili. Watazame tarehe hizo. Mraba wenyewe ni wa kigeni, kweli, kama ubao wa dama. Lakini fumbo lilikuwapo hapa kabla ya vyumba vyake. Jambo la kusikitisha ni jingine: jioni za kutegana vitendawili zimepungua majumbani, na mtoto asiyesikia fumbo nyumbani hatalijua akilikuta gazetini. Mraba ukitatuliwa barazani na watu watatu, mzee akitoa maana na kijana akihesabu herufi, huirudisha sehemu ya jioni hizo. Mara nyingi mzee asiyejua kusoma ndiye alijuaye neno.

MFANO ULIOKAMILIKA

Hiki ni kidokezo kirefu, ili msomaji aone jinsi hatua zinavyofuatana:

Mwanzo wa Kilifi, karata nyekundu na mji wa Simba: kijiji kilichofunga bahari (8).

Kisa chake ni cha ajabu, tena hakina maana, basi kisahauliwe. Mshono wake uko wapi? Maneno ya mwisho, "kijiji kilichofunga bahari", yanaweza kuwa maana peke yake. Yaliyobaki ni vipande vitatu, navyo havikuvurugwa, kwa kuwa hapana ishara ya fujo. Yafaa viungwe tu kimoja baada ya kingine.

Mwanzo wa Kilifi ni herufi yake ya kwanza, K. Karata nyekundu ni mbili, kopa na uru, na bado haijulikani ni ipi. Mji wa Simba humfanya mtu afikirie mwituni, na huo ndio upotevu aliokusudia mtungaji. Herufi kubwa ya S ni halali hapa, kwa sababu Simba lilikuwa jina la Sultani Ahmed wa ukoo wa Nabhani, aliyehama Pate katika karne ya 19 akaweka makao yake Witu, bara ya Lamu. Witu ina herufi nne. Herufi nane, zikitolewa nne za Witu na moja ya K, hubaki tatu. Kwa hiyo karata si kopa bali ni uru.

K, URU, WITU. Jibu ni KURUWITU. Maana nayo yatimia: wenyeji wa huko, walipoona samaki wamepungua, waliunda chama chao mwaka 2003, na mwaka 2005 wakaifunga sehemu ya bahari yao, hekta 30 hivi, isivuliwe, ili samaki wazaane. Njia mbili, nyumba moja.

VIDOKEZO VYA KUJARIBIA

Msomaji avijaribu hivi kabla ya kutazama chini.

1. Mchana zilipotoka ngalawa, ndani mlikuwa na chenye tui (4).
2. Siku iliyovunjika ina makali (4).
3. Mwenye magando, keti! (3).
4. Mboga iliyokatwa kichwa ingali yaliwa (4).
5. Mla panya na chai isiyo na mwisho: ndimo zibebwamo nazi (7).

Majawabu: 1. NAZI, imefichwa kati ya "mchana" na "zilipotoka". 2. KISU, herufi za "siku" zilizovurugwa. Aliyeandika kusi hakuitazama maana. 3. KAA, maana mbili. 4. BOGA, yaani mboga bila M. 5. PAKACHA: paka, kisha chai iliyokatwa mkia.